Mpiga Ngoma Aliyekatazwa Kufunga

Zedekiah Oloo alikuwa tarishi katika ofisi ya bima iliyotazamana na bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, na siku za Jumapili alikuwa mpiga ngoma wa kanisa lake. Mimi nilikuwa karani katika ofisi hiyo hiyo, na tulipanga vyumba katika ploti moja huko Kawangware, yeye na familia yake kile cha pembeni, mimi kile kilichofuata. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona kwa macho, mengine alinieleza mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, na yaliyobaki niliyapata kwa mkewe Peres, baada ya mambo kutulia.

Alikuwa Mjaluo wa Alego, mrefu, mabega mapana, sauti ya chini. Ofisini alipeleka barua za kampuni kila pembe ya jiji, kuanzia mabenki ya katikati ya mji hadi kwa wateja wa Westlands, na sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa na hatua ndefu tu. Wenzake walimheshimu kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na walimtania kwa sababu hiyo hiyo.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo. Watu wake walikuwa wahamiaji kutoka magharibi mwa nchi, vibarua, wapishi, wafuaji nguo wa Lavington, na walikutana katika nyumba ya mabati karibu na kijito kinachotenganisha Kawangware na Kangemi. Walivaa kanzu nyeupe zenye msalaba wa kijani kifuani. Kila Jumapili waliandamana barabarani, bendera mbele, ngoma ikifuata, kisha wanawake na wanaume wakiimba, wakipanda mlima hadi Kangemi na kurudi. Mtu asiyewajua angedhani ni matembezi. Hayakuwa matembezi. Walikwenda kwa mwendo wa kurukaruka, nusu mbio, na Zedekiah alikuwa na ngoma kubwa ikining'inia shingoni kwa mkanda wa ngozi, akiipiga mwendo wote. Waliporudi kanzu yake ilikuwa imegandamana na mgongo kwa jasho.

Sheria yao ilikuwa moja ambayo haikubishaniwa: kuanzia jua la Jumamosi linapotua, hakuna aliyetia kitu kinywani hadi maandamano yarudi na sala ya mwisho isemwe. Na aliyeshika ngoma ndiye aliyebanwa zaidi. Mwalimu Nashon, kiongozi wao, alisema ngoma ile ilirithiwa kutoka kwa walioanzisha kanisa, nao hawakuipiga hata siku moja wakiwa wameshiba.

Katika maandamano hayo baadhi yao walijiwa na Roho. Walitetemeka, wakasema maneno, wakaleta onyo au faraja kwa mtu fulani, na baadaye hawakukumbuka walichosema. Roho alimjia Virginia, mkubwa wa wanawake. Alimjia hata kijakazi mmoja aliyekuwa amejiunga juzi. Zedekiah, ambaye ngoma yake ndiyo iliyowainua wote, Roho hakumjia hata mara moja.

"Mimi ni kama bomba," aliniambia siku moja tukiwa tumeketi bustanini. "Maji yanapita kwangu yanaenda kwa wengine. Bomba lenyewe halinywi."

Alisema hivyo akicheka kidogo.

Ugonjwa ulimshika mwaka wa 1968. Ulianza kwa kiu. Alikuwa akiinama kwenye mfereji wa ofisi na kunywa kama mtu aliyetoka jangwani, hadi Mutiso, tarishi mwenzake, akamwambia, "Wewe, acha kidogo! Nyumbani kwenu mto Nzoia ulikauka, sasa umekuja kutumalizia maji ya Nairobi?" Tulicheka, naye akacheka. Kisha akaanza kukonda, suruali ikashikwa na mshipi tu, na mwishowe akaanguka kwenye ngazi za benki akiwa na barua mkononi. Katika hospitali kuu ya jiji waliuchemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali. Sukari.

Muuguzi aliyemfundisha kujidunga aliitwa Annah Ndunge, mwanamke wa Machakos, mfupi, asiyependa kurudia maneno. Alimwonyesha Peres namna ya kuchemsha bomba la sindano katika sufuria, na kuiweka chupa ya dawa ndani ya kikombe juu ya maji ya mtungi ili isishikwe na joto. Kisha akamgeukia Zedekiah.

"Mzee, hii dawa haina macho. Ukishadunga, inaanza kazi, kuwe na chakula kusiwe na chakula. Ikikosa cha kula itakula wewe."

"Na mimi kazi yangu ni kutembea, sista."

"Hapo sasa sikiliza. Miguu pia inakula. Siku ya kutembea sana, kile miguu imekula unarudisha."

"Chote?"

"Si chote. Kidogo kabla hujatoka, kidogo njiani. Usirudishe kama mtu ameitwa harusi."

Siku za kazi hakupata shida. Siku yenye barua za Westlands alikula ndizi moja kabla ya kuondoka, na siku ya kukaa aliiacha. Wakati wa mchana alipima ugali wake kwa ngumi na kusukuma kando uliozidi, na Mutiso hakukosa neno. "Angalieni Mjaluo anaogopa ugali! Dunia imefika mwisho. Leta hapa, mimi sina sukari, mimi nina njaa."

"Chukua," Zedekiah alimjibu, "lakini na sindano uchukue."

Shida ilikuwa Jumapili. Pasaka ya mwaka uliofuata waliandamana mwendo mrefu kuliko kawaida, hadi Westlands na kurudi, na waliporudi wanawake wakapakua. Zedekiah alikuwa na njaa iliyomtia kizunguzungu. Akayakumbuka maneno ya sista, au nusu yake. Alikula ugali, kuku, chapati, akanywa chai yenye sukari kama ya wengine, na alipoulizwa na Peres alijibu, "Si nimetembea? Narudisha." Usiku huo kiu ikaanza. Siku iliyofuata alitapika mfululizo, na kabla ya juma kwisha alikuwa amelazwa, anapumua kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Daktari mmoja alimkemea mbele ya wagonjwa wengine kwamba anajiua kwa tumbo.

Aliaibika sana. Na aibu hiyo ndiyo iliyompotosha, maana alipotoka hospitalini alikuwa amejipigia hesabu yake mwenyewe. Chakula ndicho adui, alisema. Maandamano yanaichoma sukari. Basi maandamano ni dawa aliyopewa na Mungu, na kilichochomwa kiachwe kimechomwa. Kukirudisha ni kutupa dawa. Kwa hiyo Jumapili alijidunga asubuhi, akipunguza dawa kidogo bila kumwambia mtu kliniki, akafunga kama wenzake, akapiga ngoma mlima mzima, na hakula mpaka baada ya sala.

"Hii kitu umeielewa kinyume," Peres alimwambia.

"Nikirudisha nitakuwa nimepiga ngoma bure."

"Kwani unapigia sukari ngoma ama Mungu?"

Kwa muda mrefu alirudi nyumbani na kichwa kinachouma, mikono inatetemeka, anamfokea mtoto wao Awino kwa jambo dogo, kisha akila anakuwa mtu tena. Waliita uchovu. Peres alianza kubeba sukari iliyofungwa katika leso, ndani ya nguo, kama Annah alivyomwagiza. Zedekiah alijua na akajifanya hajui.

Katika kanisa hilo alikuwako mama mmoja aitwaye Selpher, mfuaji nguo, aliyefiwa na mume miaka iliyopita. Mwaka wa 1971, wakati wa mvua za masika, alifiwa na mtoto wake wa kiume, Ouma, kwa kichomi. Mtoto alikuwa na umri wa kuanza shule. Selpher hakupata njia ya kumsafirisha hadi nyumbani, mvua ilikuwa imekata barabara na ndugu za mume hawakujibu, kwa hiyo Ouma akazikwa Lang'ata katika udongo mwekundu uliojaa maji. Kwa watu wake hilo lilikuwa jeraha juu ya jeraha. Mtoto alizikwa ugenini, peke yake, katika baridi. Selpher hakulia kelele. Alikuwa akiuliza tu, kwa kila mtu aliyekaa naye, kama inawezekana mtoto aliyezikwa katika maji aache kusikia baridi. Wote waliandamana wakiwa na swali lake vichwani.

Ilikuwa Agosti, asubuhi ya ukungu na manyunyu, walipokuwa wakipanda kuelekea Kangemi. Peres alikuwa katikati ya wanawake. Alisikia ngoma ikibadilika. Ikachelewa, ikakimbia, ikachelewa tena, na wanawake wakaufuata mdundo huo mpya kwa furaha, wakidhani ameupata mtindo mwingine. Peres akanyoosha shingo. Aliona jasho likimtiririka mumewe shingoni, asubuhi ya baridi ambayo watu walitoa moshi midomoni. Aliona anakwenda upande upande. Kisha Zedekiah akasimama katikati ya barabara, akaitazama ngoma kama kitu asichokijua, na mikono yake ikaanza kutetemeka.

"Roho!" mtu akapiga kelele. "Amemjia! Amemjia mpiga ngoma!"

Waliivua ngoma shingoni mwake kwa heshima. Wakamzunguka, wimbo ukapanda. Wengine walilia, kwa maana wote walijua jinsi alivyosubiri. Peres alisukuma watu akaenda mbele na leso yake, na Virginia akamshika mkono.

"Mama Awino, mwache. Usimguse."

"Ni mgonjwa!"

"Hata mimi walinisema mgonjwa siku yangu. Mwache na Bwana wake."

Zedekiah aliwatazama mmoja mmoja, macho makubwa, bila kumtambua yeyote. Yakasimama kwa Selpher. Akamnyooshea mkono, akasema kwa Kijaluo, ulimi mzito, maneno yakiburutwa, kwamba Ouma amefika nyumbani. Akasema, "Hasikii baridi." Akasema mara ya pili, "Hasikii baridi," kisha akaanguka.

Selpher alipiga yowe ambalo Peres alisema hajapata kulisikia, yowe la mtu aliyetuliwa mzigo. Na wote walipomgeukia Selpher, Peres akapiga magoti, akajifanya anampangusa mumewe uso, akamsukumia sukari ndani ya shavu. Akamsugua shavu kwa nje, akamsugua, wimbo ukiendelea juu yao. Baada ya muda Zedekiah akafumbua macho.

"Ngoma iko wapi?" akauliza.

Walishangilia. Hakuna aliyeiona sukari.

Jumatatu alikuja kazini akiwa mtu mwingine. Alinisimulia yote, akanisimulia tena. Hakukumbuka chochote tangu chini ya mlima, na hilo ndilo lililompa furaha zaidi, kwani waliojiwa kwa kweli huwa hawakumbuki. "Nimesubiri tangu nilipofika Nairobi," akasema. Nikataka kujua Peres alisema nini. Akakunja karatasi ya maandazi ya mtu mwingine mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidole. "Peres anasema ni sukari ilishuka," akajibu.

Walikwenda kliniki pamoja. Annah Ndunge alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Hiyo ni sukari kushuka, mzee. Ulijidunga, ukafunga, ukakimbia na mzigo. Nilikuambia itakula wewe."

"Sista, sasa nilijuaje kwamba mtoto amefika nyumbani?"

"Ulijua mama yake anataka kusikia nini. Kila mtu hapo alijua. Kichwa kikikosa sukari kinatoa kilichokuwa karibu."

Zedekiah aliinamisha uso. Peres alinieleza kwamba hapo ndipo alipomwonea huruma kuliko siku zote za ugonjwa. Kisha mumewe akauliza polepole, "Na Roho hawezi kupitia hapo? Mlango ukiwa umefunguka?"

Annah aliweka kalamu chini. "Hata mimi nasali. Roho anapitia wapi, sijui. Lakini najua mtu anapitia wapi akienda zake, kwa sababu nimewaona. Wanatokwa na jasho hivyo hivyo, wanaongea hivyo hivyo. Jumapili kula kabla. Njiani kula tena. Ama uache kujidunga tufanye matanga."

Akaahidi. Jumapili mbili alikula kiazi kitamu alfajiri, mlango umefungwa, akitafuna bila sauti kama mwizi. Aliandamana vizuri. Ngoma ililia sawasawa mlima wote, mikono haikutetemeka, kichwa hakikuuma. Na hakuna kilichokuja. Watu walimtazama wakisubiri. Kwenye kilele cha mlima waliimba wimbo ule ule mara nyingi, wakimpa nafasi, naye akapiga, akapiga, macho makavu.

Alhamisi moja jioni Selpher alikuja kwenye ploti. Peres alikuwa mferejini. Mimi nilikuwa nje ya mlango wangu nikipiga viatu rangi, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao.

"Ndugu Zedekiah," alisema baada ya salamu, "kuna kitu kimeingia kati?"

"Kitu gani, Mama Ouma?"

"Nauliza tu. Roho alikuja, halafu kimya. Labda umekosana na mtu. Labda unakula."

"Ninakula," akasema. "Hospitali wamenikataza kufunga."

Nilidhani Selpher atamlaumu. Hakumlaumu. Aliongea chini kabisa. "Mimi sikuombi mambo mengi. Jumapili moja tu, usile. Nataka umuulize kama amenikasirikia. Siku ile ya mwisho alikuwa anaita maji, na mimi nilikuwa nafua kwa watu. Umuulize hilo tu, na sitakusumbua tena."

Sikusikia jibu la Zedekiah. Nilisikia Selpher akisema, "Mungu akubariki, ndugu yangu," na akatoka akiwa ameushika mtandio wake kwa mikono miwili.

Peres hakuambiwa. Jumapili hiyo alimchemshia mumewe kiazi kama kawaida, akatoka kumwogesha Awino, na aliporudi sahani ilikuwa tupu. Kiazi alikikuta baadaye, kizima, katika mfuko wa kanzu, alipokuwa akimvua nguo hospitalini.

Safari hii haikufanana na ile ya kwanza. Hakusimama, hakumtazama mtu. Alianguka ghafla, uso mbele, juu ya ngoma, ngozi ya ngoma ikapasuka chini ya uzito wake. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kupigwa na mishtuko. Wimbo ulipanda kama mara ile. Selpher alikuwa wa kwanza kumfikia. Alilala kifudifudi barabarani, kanzu yake nyeupe ndani ya matope, akaweka sikio kwenye midomo ya Zedekiah.

"Ngojeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni! Anataka kusema!"

Watu wakanyamaza. Peres alifika na leso imefunguka mkononi. Selpher, bila kuinua kichwa, aliusukuma mkono huo, na sukari ikamwagika kwenye lami yenye matope. Peres alijaribu kuikusanya kwa kucha. Meno ya Zedekiah yalikuwa yamebanana, hata kidole hakikupita.

"Sema," Selpher alikuwa akimwambia. "Sema, ndugu yangu. Niko hapa. Nasikia."

Ni Mwalimu Nashon aliyeona kanzu ya mpiga ngoma imelowa kwa mkojo na midomo imekuwa ya kijivu. Mzee huyo alivua kofia yake. "Inukeni," akasema. "Huyu hasemi kitu. Huyu anakufa." Akasimama mwenyewe katikati ya barabara na kulizuia gari la mboga lililokuwa likishuka mjini, na Zedekiah akapakiwa juu ya magunia ya kabichi, kichwa kwenye mapaja ya Peres.

Walimtia maji ya sukari kwenye mshipa. Hakuamka siku hiyo. Aliamka ya pili yake, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Baada ya miezi uliweza kushika kikombe, lakini haukurudi kuwa mkono wa ngoma. Ulimi nao ukawa mzito kidogo, hasa akichoka. Kazini walimtoa kwenye barua wakamweka mlangoni. Mutiso hakumtania tena juu ya chakula, na nadhani hilo lilimuumiza Zedekiah kuliko utani wenyewe.

Wakati wa ugonjwa huo Selpher hakuja hospitalini. Peres alikutana naye siku moja Kenyatta Market, soko lililo karibu na hospitali, Peres akitoka wodini, na kabla hajasema lolote Selpher akamwambia, "Nilisikia meno tu." Akarudia, "Meno tu, Mama Awino." Peres alikuwa amejiandaa kumtukana. Akashindwa.

Mwalimu Nashon alikuja nyumbani Zedekiah aliporuhusiwa. Alikaa kwenye kitanda, akaombea nyumba, kisha akasema kilichomleta. "Kula, ndugu. Mungu hataki maiti. Lakini ngoma imeshonwa upya, na nimempa mwingine. Sheria ya ngoma sikuiweka mimi, na siwezi kuitoa mimi."

"Ni sawa, Mwalimu. Mkono wenyewe hauko."

"Utaandamana nyuma, mwendo wako."

"Ni sawa."

Jumapili aliyorudi kanisani ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa 1972. Peres aliamka mapema, akachemsha viazi viwili, kimoja cha kabla na kimoja cha njiani. Zedekiah alikuwa amejidunga na kuketi mezani, kanzu imefuliwa, mkono wa kushoto juu ya paja. Kabla hajaanza kula, Selpher akabisha hodi. Aliingia akiwa amevaa nyeupe. Alikuwa amekonda mpaka kanzu ilionekana ya mtu mwingine. Akasalimia, akabaki amesimama karibu na mlango, na macho yake yalikuwa kwenye sahani.

Hakuomba kitu. Peres alisema ingekuwa nafuu kama angeomba, kwani alikuwa na jibu tayari.

"Keti, Mama Ouma," Zedekiah akasema.

"Nitasimama."

"Siku ile ya kwanza," alianza, akitafuta kila neno kwa sababu ya ulimi, "sikumwona Ouma. Sikumwona mtu. Nilikuwa mgonjwa. Mdomo ulisema peke yake."

"Ulisema hasikii baridi."

"Wameniambia nilisema."

"Ulisema mara mbili."

"Sijui, dada yangu. Kama ningejua ningekuambia. Ningependa sana iwe nilimwona." Akatua kupumua. "Ningependa kwa ajili yako, na mimi pia kwa ajili yangu."

Selpher alitazama kiazi, akamtazama yeye. "Na ukikaa bila kula leo? Kidogo tu, si mpaka uanguke."

Peres akafungua mdomo. Zedekiah akamwinulia mkono ule mzima anyamaze.

"Nikikaa bila kula nitakufa, na hutapata jibu. Utapata meno."

Kisha akakishika kiazi na kukiuma. Alitafuna polepole, machozi yakimshuka na kuingia kwenye pembe za mdomo, na hakuyafuta kwa sababu mkono wa kufutia ndio ulioshika chakula. Selpher alibaki akimtazama mpaka alipomeza.

"Basi ungeniachia," akasema. "Ungeyaacha tu yale maneno. Nilikuwa nalala nayo."

Akatoka. Peres alimfuata hadi kwenye geti la ploti, akamwita, lakini Selpher hakugeuka. Wenzake wote wenye kanzu nyeupe walikuwa wakiteremka kuelekea kijitoni. Yeye alishika barabara nyingine, ile ya kwenda Lang'ata, peke yake, miguu mitupu. Hakuonekana katika maandamano tena. Mwaka huo huo tulisikia amerudi kwao, na aliyetuletea habari hakujua zaidi ya hapo.

Zedekiah alikimaliza kiazi chake. Alioshwa mkono, akarekebishiwa kanzu, wakaenda. Nilitembea nao hadi barabarani, na kwa sababu sikuwa na shughuli nikawafuata kwa mbali. Mpiga ngoma mpya alikuwa na nguvu nyingi na mdundo wa haraka, na kabla ya nusu ya mlima kundi lilikuwa limemwacha Zedekiah nyuma sana. Peres alibaki naye. Kwenye kona, pale penye miwati, ile miti ya makaa, alisimama, akamtolea kiazi cha pili kutoka kwenye karatasi na kukimenya.

"Sasa hivi?" Zedekiah akauliza.

"Sasa hivi. Kabla hujaanza kutetemeka."

Watu wa Kangemi waliokuwa wakienda makanisani mwao walimpita, wakamtazama mtu mzima mwenye kanzu nyeupe na msalaba wa kijani akila barabarani wakati wenzake wanaimba. Aliwapa mgongo. Kule juu wimbo ulikatika ghafla, kisha zikasikika sauti za kushangilia. Roho alikuwa amemjia mtu.

Zedekiah aliacha kutafuna akasikiliza.

"Kula," Peres akamwambia.

"Nakula," akasema, na akauma tena.